Papa Kasereka Evariste, Aliyemuulizia Mutoto Wake Himbi

Wapendwa katika Bwana, leo tunamusindikiza Papa Kasereka Evariste, tukimushukuru Mungu aliyetuazima yeye kwa miaka sabini.

Alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1949, kifungua mimba wa wakulima wa maharagi. Alisoma kwa mapadri mpaka baba yake alipofariki, ndipo akashika jembe.

Mwaka 1971 aliingia biashara ya samaki, akiwapakia kule Vitshumbi, kando ya ziwa, na kuwauzisha hapa Goma. Mwaka 1976 alifunga ndoa na Mama Rosine, wakajenga nyumba katika mutaa wa Murara. Hakuwa mutu wa kutulia. Hata chai aliinywa amesimama mulangoni, na Mama Rosine alizoea kumuambia: "Baba Daniella, kiti hakiumi mutu."

Oktoba 2008, vita ilipofika barabara ya Rutshuru, waaskari walimushusha Aubin, kitinda mimba wake, toka kwenye lori la samaki. Hakuonekana tena. Papa akaomba ofisi moja ya serikali, katika mutaa wa Himbi hapa Goma, imuonyeshe majina ya waliokamatwa siku ile. Wakakatala. Akaomba wakubwa wao wapitie upya jibu lile. Ombi likatupwa bila kusikilizwa, eti limekosea njia. Akapeleka lingine, nalo vilevile. Karani akamuambia kwa upole: "Muzee, hapa watu wanaomba karatasi. Wewe unaomba mutu."

Papa akamujibu: "Nipe karatasi tu. Mutu nitamutafuta mwenyewe."

Jamaa na Mama Rosine walitaka kuzika mugomba mahali pa Aubin, kwa desturi yetu ya mutu asiyeonekana, ili matanga yaishe. Papa alikatala. "Nikizika mugomba, kesho Himbi wataniuliza: si ulishamuzika?" Mama Rosine alilia, lakini hakubishana.

Mwaka 2017 tansio, ugonjwa wa damu kupanda, ilimupoozesha muguu wa kushoto. Bado aliamuka akiomba fimbo, na binti yake Daniella alimupeleka Himbi kwa pikipiki. Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 2 Juni 2019, kengele ya misa ya kwanza ikilia, akiwa amepakwa mafuta matakatifu.

Juzi jibu la ombi lake la mwisho lilifika: limetupwa kama mengine. Jana jamaa walileta mugomba, uingie kaburi moja naye. Mama Rosine akawaambia: "Muurudishe. Juma yenye inakuja, mimi ndiye ninaenda Himbi."

Bwana amupokee mutumishi wake, amupe usingizi mwema.

Ameacha mujane, Mama Rosine, mabinti wawili, Daniella na Apolline, wajukuu, na mutoto mwanaume, Aubin.