Leso ya Kufungia Wiski

Benchi la Kaltumu lilikuwa Oli, mtaa wa Arua, kando ya njia inayotoka kiwanja cha ndege, na kabla ya kuwa benchi lilikuwa ubao wa nyuma wa lori. Hapo watu walikunywa kahawa ya tangawizi na kudanganyana bila kutozwa kodi. Mwaka ule wa sabini na saba sukari ilikuwa imeadimika, kwa hiyo uongo ndio uliotia utamu. Mzee Adriko alikaa mwisho wa benchi, upande wa barabarani, maana kila ndege ndogo ya Entebbe ilipotua alitaka kuona nani ameshuka. Mkewe, Ayikoru, alizikwa mwanzo wa mvua, na mwana wao Dumo, mpakiaji wa mizigo kwenye ndege zilizoleta wiski kutoka Ulaya, hakuja matangani. Mzee alikuwa ametuma habari kwa madereva. Mmoja alirudi akasema amempata kijana, mwingine akasema kijana yuko ng'ambo. Basi Adriko hakujua kama mwanawe hana habari, au anazo na hakuja. Hilo la pili lilimnyima usingizi.

Asubuhi hiyo ndege ilipita juu ya mapaa, na midomo ikafunguka.

— Hiyo iko na wiski, alisema Ramathan. Walimwita Rubani kwa sababu aliwahi kulinda kiwanja cha ndege. Kupanda hakuwahi.

— Wewe najuaje? aliuliza Tahiru, ambaye jina lake la benchini lilikuwa Posta.

— Nasikia sauti. Ndege ya wiski nalia polepole.

— Lakini chupa huko juu hapana vunjika kwa nini?

— Wanazika ndani ya unga ya muhogo. Gunia mzima.

— Unga! Askari ya forodha natoboa gunia na kisu.

— Dada yangu ya Koboko, alisema Kaltumu akimimina kahawa, nasema wanashona ndani ya godoro. Mutu nabeba godoro kichwani, nasalimia askari, napita.

— Wacha godoro, alisema Rubani. Sikilizeni mimi. Huko juu hewa iko nyembamba. Wiski nakunywa hiyo hewa, nalewa yenyewe, nalala. Kitu imelala navunjika?

— Mimi nililala, nikaanguka kitanda, nikavunja mkono, alisema Posta.

— Wewe si wiski. Ndiyo maana wazee nasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakuna aliyeuliza mgeni huyo ameingiaje kwenye chupa. Hata Adriko alicheka, na alipomaliza kucheka akasema kitu ambacho hakuwa amekusudia kukisema.

— Ni leso.

Wote waliijua leso hiyo, yenye tundu la kaa la moto pembeni. Kila Dumo aliposafiri, Ayikoru alimpa leso yake mwenyewe, naye kijana akairudisha imefunga chupa. Chupa isiyofungwa kwenye leso mama huyo hakuipokea. Alisema hiyo ni biashara, si zawadi. Alifungua mwenyewe, ananusa kitambaa kwanza, anasema, “Mtoto wangu amepita mbinguni.” Wiski ilikwenda kwa Adriko na ndugu zake. Chupa ikiisha ilikuja kwa Kaltumu kutiwa mafuta ya simsim, naye Kaltumu alitoa udi. Leso ikafuliwa, ikafukizwa, ikamngoja Dumo.

— Chupa yangu yote imetoka mkono yake, alisema Kaltumu. Na leso nilifukiza mimi. Siku zile, mzee, siku zile!

Adriko alimkumbuka mkewe. Akatazama barabara ili wasimwone macho.

Kijana mmoja alikuwa anakuja na begi, anafuta vumbi usoni.

— Salaam aleko. Mzee Adriko ni nani?

— Ni mimi.

— Mimi Lino. Nafanya kazi na Dumo. Tangu mvua ianze wanamtuma Ulaya tu, ruhusa hakuna. Anasema nikuletee hii.

Akatoa kifurushi begini. Tundu la kaa lilikuwa juu, wazi. Kaltumu akajishika mdomo.

— Dumo iko mzima? aliuliza Adriko.

— Mzima kabisa. Amesema wiski ni ya mzee, lakini mama afungue mwenyewe.

Kumbe hajui. Furaha ilimpanda Adriko kwa kuwa mwanawe hakumtupa mama yake, na ikamjia pamoja na msiba mzima upya, kana kwamba ndiyo kwanza wanachimba kaburi.

— Lakini ndege inarudi leo mchana, aliendelea Lino. Mama ataifua saa hii? Dumo amesema bila leso nisirudi.

Rubani akatazama angani. Posta, aliyekuwa na habari za Arua nzima, akatazama ndani ya kikombe. Kaltumu akainamisha birika ili mikono yake iwe na kazi, na birika halikuwa na kitu.

Adriko akaweka kifurushi mapajani na kufungua fundo taratibu. Alinusa kitambaa kwanza, kama alivyofanya Ayikoru. Chupa ilikuwa nzima. Akampa Kaltumu aishike, kisha akakunja leso mara nne na kumrudishia Lino.

— Mbona haijafuliwa, mzee?

— Peleka hivyo hivyo. Dumo akipokea atanusa, hapana sikia udi. Atajua mama yake haiko.

Lino alibaki na kitambaa mkononi, hajui akiweke wapi.

— Na wewe, mwanangu, alisema Adriko, siku hiyo usimpe halafu uende zako. Kaa naye.