Aliyeandika "Subiri Zamu Yako"

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza baba yetu, mimi ni kifungua mimba wake, na kabla sijaanza niseme kwamba kamati ya mazishi imenishauri nisome tu kuwa aliugua kwa muda mfupi, ushauri huo nimeusikia na nimeukataa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Brashi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, akiwa mtoto wa nne wa fundi seremala, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, ambako mwalimu mkuu alimchapa kwa kuchora darasani, na wiki iliyofuata akamwita aandike jina la shule getini.

Mwaka 1973 alianza kuandika mabango, kazi aliyoifanya mpaka asubuhi aliyougua, maduka, gereji na saluni nyingi za mtaani kwetu zina mkono wake, na alikuwa hawezi kuona herufi iliyopinda akanyamaza, hata mgahawani aliomba chaki arekebishe ubao wa vyakula kabla ya kuagiza.

Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na mama yetu, ambaye alikuwa amemwandikia bango la saluni yake bure, kisha akarudi mara tatu kurekebisha herufi zisizo na kasoro yoyote, mama akaelewa somo, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu watano.

Mwaka 2009 hospitali ilimpa kazi ya kuandika bango la mapokezi ya dharura, KETI, SUBIRI ZAMU YAKO, HAKUNA KUPITA MBELE, kwa rangi nyekundu, na alilionea fahari kiasi kwamba hata ukienda kutibiwa homa, ukirudi atakuuliza kama umeliona.

Jumanne tarehe 4 Februari mwaka huu, akikoroga rangi uani, brashi ilimdondoka, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea, jirani yetu dereva wa teksi akamkimbiza hospitali pamoja na mama, na saa mbili kasoro asubuhi walikuwa mapokezi, ndani kabisa ya muda ambao kiharusi bado kinatibika. Mama alieleza yote hayo, karani wa mapokezi, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, akanyoosha kidole juu akasema, "Mama, soma hapo," naye mama akamjibu, "Nisome nini, na aliyeandika ndiye huyu!"

Wakakalishwa chini ya bango hilo hilo, nyuma ya mwenye jino na aliyekuja kubadilishiwa bandeji, hadi saa saba mchana, huku mashine ya kupiga picha ya kichwa iko mlango wa pili, nzima, imewashwa, haina mgonjwa. Daktari alipomwona alisukuma kitanda mwenyewe, mbio, lakini picha ilipotoka akatuambia kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda haifai tena, muda wake umepita mgonjwa akiwa benchini, na baba akafariki Ijumaa tarehe 7, saa tisa alasiri.

Nina hasira, ndugu zangu, na sitaificha. Msiniambie siku yake ilikuwa imefika, haikuwa imefika, iliketishwa pale mapokezi mpaka ikafika.

Tunamshukuru jirani yetu dereva, aliyepiga honi njia nzima, daktari aliyekimbia, wauguzi wa wodini waliomgeuza na kumsafisha kama baba yao, na mafundi wenzake waliofunga vibanda vyao tangu Jumamosi. Karani simshukuru, ingawa najua hakufundishwa kingine zaidi ya kunyoosha kidole, na waliopaswa kumfundisha wameketi safu ya mbele.

Viongozi wa hospitali, mmekuja na shada, asanteni, nanyi hamtarudi mikono mitupu. Juzi nilichukua brashi ya baba nikaandika bango jipya, liko pale mlangoni, rangi imeshakauka: MDOMO UKIENDA UPANDE, MKONO UKILEGEA, MANENO YAKIGOMA KUTOKA, USIKETI, PITA MBELE. Mlitundike leo, la zamani mniletee, na Jumatatu nitakuja kuangalia.

Sasa pumzika, baba, herufi nimezipima mara mbili, hakuna iliyopinda.