Mwalimu Polepole na Watoto wa Getini

Ndugu zetu, majirani, walimu, na nyote mliosimamisha shughuli zenu mkaja kukaa nasi tangu msiba huu utufike, mimi ni kifungua mimba wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Polepole, jina alilopewa na wanafunzi wa darasa la pili kwa sababu alikuwa akiwasomea hadithi taratibu mno, hata kengele ya kwenda nyumbani ikalia nao wakaanza kumwambia, "Mwalimu, maliza basi," naye akageuza ukurasa kama vile iliyolia ni kengele ya shule nyingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba za askari zilizokuwa nyuma ya gereza la wilaya, akiwa mtoto wa tatu na binti pekee wa sajini wa magereza na mkewe, aliyekuwa akishona sare za askari. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, mlango wa jikoni ukitazama geti kuu, na kila Jumapili, siku ya kuwaona wafungwa, marehemu aliamka akakuta watoto wamekaa chini kando ya ukuta, wamevalishwa nguo zao nzuri, wakisubiri waitwe. Bibi alimkataza kucheza nao, lakini alikuwa mtoto wa kutotulia, akawa anatoka kwa kisingizio cha kutupa taka, anachuchumaa karibu yao, na kwa kuwa hakuwa na mwanasesere wala mpira wa kuwapa, aliwapa hadithi. Mwenyewe alituambia kwamba palikuwa na msichana mmoja pale, mkubwa kidogo kuliko yeye, ambaye kila hadithi ikiisha aliuliza, "Na baba yake alikuwa wapi?" na marehemu alikosa la kujibu, maana katika hadithi alizozijua baba hakuwa na kazi yoyote. Siku babu alipomkuta hapo hakumchapa, alimshika mkono akamrudisha ndani na kumwambia, "Hao watoto hawana kosa, ila usiwazoee, maana wanaondoka," na kweli yule msichana siku moja hakuja tena, na marehemu hakujua kama baba yake alitoka, alihamishwa, au alifia humo ndani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956, akaendelea na shule ya kati ya wasichana, na mwaka 1967 akajiunga na chuo cha ualimu, ambako kwa maneno ya mwenzake wa bweni, aliye hapa leo, alijulikana kwa mwandiko mzuri na kwa kuunguza kila alichopewa kupika. Alianza kazi mwezi Januari 1969 katika shule ya msingi ya mjini, akafundisha madarasa ya chini maisha yake yote, akikataa mara mbili kupandishwa kuwa mwalimu mkuu kwa maelezo kwamba mwalimu mkuu anaongea na wazazi, naye wazazi walikuwa wakimchosha.

Alifunga ndoa na baba yetu tarehe 16 Desemba 1972. Baba alikuwa dereva wa basi lililompeleka shuleni, na walijuana siku ambayo marehemu alikuwa akimsomea kitabu mtoto wa abiria aliyekaa kando yake, akapitiliza kituo, dereva akamtazama kwenye kioo akamwambia, "Mwalimu, kituo chako tumekiacha," naye akajibu bila kuinua macho, "Basi nisubiri, zimebaki kurasa mbili," na baba alipenda kusimulia kwamba alisubiri kweli, abiria wakamtukana mpaka wakachoka. Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi mwaka 1974, mdogo wangu wa kiume ambaye ni fundi umeme mwaka 1977, na kitinda mimba wetu, muuguzi, mwaka 1981.

Sehemu inayofuata ni nzito, na tulikaa kama familia tukajadiliana kama isomwe, tukakata kauli kwamba isomwe, kwa sababu mama hakuwahi kuificha. Tarehe 3 Juni 1983, baba akiwa amelala kidogo sana baada ya safari mbili mfululizo, alisinzia kwenye usukani, basi likaacha barabara, na watu wanne wakapoteza maisha. Baba alikiri kosa, akahukumiwa kifungo cha miaka saba, akapelekwa katika gereza lile lile ambalo marehemu alizaliwa nyuma ya ukuta wake. Kabla ya hukumu marehemu alikwenda kwenye kila nyumba ya wale wanne waliofariki, peke yake, akiwa amevaa kanga nyeusi, nyingine walimkaribisha wakalia naye, na katika nyumba moja mama wa kijana aliyefariki alisimama mlangoni akamwambia, "Mwanangu alikuwa wa miaka kumi na tisa, wewe umekuja kuniambia nini?" naye akasema hana la kumwambia, akakaa kwenye kizingiti mpaka alipoambiwa aondoke.

Shangazi zetu walimshauri atuambie watoto kwamba baba amesafiri, na walikuwa na nia njema, lakini alikataa, akatuketisha kitandani akatueleza kila kitu kwa maneno tuliyoweza kuyabeba, kisha Jumapili akatupeleka getini. Askari mzee aliyewahi kufanya kazi chini ya babu alimtambua, akataka kutupitisha mlango wa pembeni, mama akamshukuru akamwambia, "Hapana, kaka, na hawa wenzetu je?" tukakaa chini kando ya ukuta kama wengine.

Ni pale ukutani alipopata kitabu chake cha kwanza, nasi tulimwona akikipata. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita, alikuwa akilia kila tukifika, na ili kumnyamazisha mama alianza kumsimulia habari za mtoto ambaye kofia ya baba yake imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila Jumamosi mtoto huyo anaipangusa vumbi, lakini haivai, kwa sababu nyumbani walipatana kwamba haivaliwi. Watoto wengine wakasogea, kila Jumapili wakidai mwendelezo, na wakawa wanamsahihisha bila aibu. Mmoja alimwambia, "Hapo umekosea, mtu akija kumwona baba yake hasemi chochote mwanzoni, anamwangalia viatu," mama akakubali akabadilisha, mwingine akamwambia mtoto wa kwenye hadithi ni mwema mno, amfanye apigane shuleni, na mama akamfanya apigane. Watu walipokuja kumuuliza miaka ya baadaye hadithi zake zinatoka wapi, wakitegemea atasema zinatoka moyoni, alijibu, "Zinatoka kwa watoto, mimi nilikuwa karani tu."

Hadithi hiyo aliiandika akaipeleka kwa wachapishaji, na mhariri aliyeupokea mswada aliuweka muda mrefu, kisha akamwita ofisini akamwambia kwamba watoto wanapenda wanyama wanaoongea, marehemu akamjibu kwamba wanyama hawana kesi mahakamani, wakabishana mpaka chai ikapoa, na mwaka 1986 kitabu cha *Kofia Kwenye Msumari* kikachapishwa, kikasomwa katika shule nyingi kuliko alivyotarajia yeye au mhariri. Kitabu kinaisha kofia ikiwa bado kwenye msumari, na walimu wengi walimlalamikia kwa hilo.

Baba alitoka mwezi Agosti 1988, kabla ya muda wake kwa sababu ya mwenendo mzuri, na sisi watoto tulidhani shida imekwisha. Alikuwa amekonda, alikuwa anakula haraka akiwa ameinamia sahani, na alikuwa haongei. Mwezi haujaisha, watoto wa mtaani wakaanza kumnyooshea kidole wakisema, "Yule ndiye baba wa kofia," si kwa ubaya, kwa kumfurahia, maana kwao alikuwa mtu aliyetoka kitabuni. Jioni moja alirudi kutoka dukani, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akamwambia mama mbele yetu, kwa sauti ya chini kabisa, "Mke wangu, serikali ilinifunga gereza moja, wewe umenifunga kila shule." Mama alimaliza kukunja nguo alizokuwa akizikunja, na wiki iliyofuata alikwenda kwa mhariri akamwomba kitabu kisichapwe tena, na hadithi ya pili aliyokuwa ameifikisha katikati aliacha kuiandika, karatasi zake akazitumia upande wa nyuma kuwapa wanafunzi wakafanyie hesabu.

Kwa miaka ishirini hakuandika. Tunalisema hili bila kumlaumu baba, ambaye hakushika usukani tena, akawa mlinzi katika duka la mbao, na ambaye kila mwaka tarehe 3 Juni hakula wala hakutoka chumbani, na tunalisema bila kumsifu mama kupita kiasi, kwa sababu si kwamba alinyamaza kwa raha. Alikuwa mtu wa utani hata wakati huo, lakini mimi niliyelala chumba cha pili ninajua kwamba ukimya wa nyumba ile ulikuwa wa watu wawili, na kwamba mama alikuwa akirudi shuleni na hadithi mpya aliyoisikia kwa watoto, anafungua mdomo kuisema mezani, anamtazama baba, kisha anauliza kama chumvi imetosha.

Mwaka 2008 mapafu ya baba yaliharibika, vumbi la mbao nalo likachangia, akawa wa kitandani. Mchana mmoja mwezi Novemba, mama akimbadilishia mito, baba alimwambia, "Kile kitabu sijawahi kukisoma," na mama akaduwaa, maana miaka yote hiyo alidhani amekisoma na ndiyo maana alikasirika. Nakala haikuwepo nyumbani, ikabidi mdogo wangu aende kuiazima shuleni, ikaletwa imechanika jalada, na mama akamsomea, polepole kama ilivyokuwa kawaida yake, mimi nikiwa nimesimama mlangoni na bakuli la uji. Baba alisikiliza yote amefumba macho. Ilipoisha akauliza, "Mbona huyu baba hukumrudisha?"

Mama akasema, "Nilikuwa sijui kama utarudi."

"Nilirudi."

"Ulirudi, lakini hukuwa unasema."

Baba akageuza uso ukutani, nasi tukadhani amekasirika tena, kisha akasema, "Basi liandike hilo, lilivyo."

Baba alifariki tarehe 22 Januari 2009. Mama alikaa eda, akaomboleza, kisha akaanza kuandika akiwa na miaka sitini, mkono ukiwa mzito na miwani ikimteleza puani, na mwaka 2011 kilitoka kitabu cha *Sahani ya Tano*, kinachomhusu baba aliyerudi nyumbani kutoka mbali na hasemi, na mtoto anayejaribu kumfanya aseme kwa kila njia, kwa vituko, kwa ukorofi, kwa kujifanya mgonjwa, mpaka anapochoka akaamua kukaa tu karibu naye. Baba wa kitabuni hasemi hata mwisho, anamsogezea mtoto sehemu ya chakula chake, basi. Walimu hawakulalamika safari hii. Alipokwenda kukisoma katika shule moja, mtoto wa kike alibaki nyuma wenzake walipotoka, akasimama mbele ya meza bila kusema neno, mama naye hakumuuliza kitu, alivuta kiti akamwekea, wakakaa wote wawili kimya mpaka mwalimu wa zamu alipokuja kufunga darasa.

Kilikuwa kitabu chake cha pili na cha mwisho. Niliwahi kumuuliza kama anajutia ile miaka ishirini, akacheka akasema angeandika vingi na vingi vingekuwa vibaya, halafu akaacha kucheka, akaniambia, "Vitabu havinisumbui, mwanangu. Kuna watoto walikaa pale ukutani miaka yote hiyo, wakakua, wakaondoka, na mimi sikuwepo."

Tarehe 2 Februari 2021, akiwa anamenya viazi, marehemu alipata kiharusi kilichomchukulia upande wa kulia na karibu maneno yote. Lililobaki lilikuwa neno moja, "haya," nasi tukajifunza kulisikia lilivyobadilika, haya ya njaa, haya ya kutufukuza akitaka kulala, haya ya kumcheka mdogo wangu anapoimba, na wajukuu walipomsomea alilisema kila ukurasa ulipofika mwisho, ili wageuze. Mwezi Mei mwaka huu hali yake ilibadilika, akalazwa hospitali ya mkoa, na asubuhi ya tarehe 9 Juni 2023, kitinda mimba wetu akiwa amemshika mkono, akafariki dunia. Ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliofungua milango yao na kuleta viti na maji kabla hatujaomba, walimu na wanafunzi wa shule yake, waliofundishwa naye ambao baadhi yao sasa ni babu na bibi, mhariri wake wa zamani aliyesafiri akitembelea mkongojo kufika hapa, na askari wa magereza waliotuma mwakilishi. Tunawashukuru pia watoto waliomsahihisha, ambao majina yao hatuyajui na hatuna pa kuwatafuta, na kama yupo aliyefika leo, amesimama huko nyuma na hajajitambulisha, asione haya, aje akae mbele pamoja nasi, sisi ni familia yake.

Mama, umetusomea mpaka pale ulipoweza. Pumzika kwa amani.