Chipsi Mfukoni, Mkono wa Maombi Kichwani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mliokaa kule nyuma itikieni, maana leo nawaona!

Mimi ni fundi cherehani hapa Mikumi, wengi mnanijua. Jicho langu la kulia lilipata mtoto wa jicho, na la kushoto likaanza kufuata. Fundi asiyeona tundu la sindano ni fundi wa nini? Niliogopa, ndugu zangu. Niliogopa sana.

Madaktari wa macho walipokuja Kilosa, nikaenda. Wakapima presha, wakasema, "Mzee, iko juu mno, hatuwezi kukupasua. Ishushe kwanza." Walipokuja tena, ikawa vilevile. Vidonge nilikuwa nameza. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, nilipita barabara kuu yanaposimama mabasi, nikala chipsi mayai, chumvi namwaga kama nalipwa. Kisha namlalamikia Mungu! Mke wangu, Mama Upendo, aliniwekea mkate na yai mezani. Nilimwambia asubuhi huwa sina njaa. Nilikuwa mwongo.

Jumapili moja nikatoka mbele kuombewa jicho. Nimevaa koti, na mfukoni nimeficha chipsi zangu za baada ya ibada. Aliyeniwekea mkono kichwani ni mke wangu mwenyewe, maana yuko kwenye kikundi cha maombezi. Akaomba kidogo, akaacha. Akanusa.

"Baba Upendo, mfukoni una nini?"

"Vitambaa vya wateja."

Na mafuta yameshatokeza nje ya koti, ndugu zangu! Kanisa zima likacheka. Yeye hakucheka. Alisema taratibu, "Mimi nakuombea kwa machozi, mwenzangu unafanya mchezo." Nililia palepale.

Kesho yake nikaingia jikoni mwenyewe. Sandwichi, kama wanavyoiita vijana: mkate wa brauni, yai la kuchemsha, nyanya, tango, parachichi nimelipaka ndani kama bitana ya koti, na limao badala ya chumvi. Siku ya kwanza nilitafuna kama natumikia adhabu. Wiki ya tatu nikawa natengeneza mbili, yangu na ya Mama Upendo. Barabara kuu naivuka nimeziba pua!

Niliporudi Kilosa, nesi alipima presha, akapima tena, akatabasamu. "Mzee, ingia ndani." Wakanipasua jicho. Haleluya!

Jumapili iliyopita nikakaa hapa mbele, jicho wazi, kwaya ikasimama kuimba. Nikayaona majoho niliyowashonea mwaka jana. Ndugu zangu! Pindo limepanda huku, limeshuka kule, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake! Mmeyavaa mwaka mzima na hakuna aliyenisema.

Asante Yesu, na asanteni ninyi kwa kunivumilia. Wewe unayeomba huku umeficha kitu mfukoni, kitoe leo, umwamini Bwana, hatakuacha. Na ninyi wanakwaya, kesho nileteeni majoho yote, nifumue nishone upya. Njooni mapema, kabla hamjala; sandwichi nitawatengenezea mimi.