Mwiko wa Mama Odette Unabaki Maabara

Bi Odette Kyakimwa, jina linalotumiwa na ofisi ya mishahara peke yake, anastaafu Ijumaa tarehe 27 Februari 2026, baada ya miaka ishirini na miwili katika maabara yetu hapa Sydney. Kwetu ni Mama Odette. Jarida la maabara limemwandikia nusu ukurasa wa Kiingereza chenye adabu nyingi. Huu ni ukurasa wetu, sisi tunaomsalimia kwa Kiswahili kila asubuhi, na adabu tutajitahidi.

Alizaliwa Butembo, mashariki mwa Kongo, akafika Mount Druitt, pembezoni mwa Sydney, na watoto watatu na cheti cha ufundi umeme ambacho hakuna aliyetaka kukitazama. Hapa alianza kwa kufanya usafi. Mwaka wa pili pampu ya mafuta iligoma mbele ya wahandisi wanne wenye shahada zao. Akaweka ufagio kando, akaifungua, akaitengeneza, akaokota ufagio wake. Mwezi uliofuata alivishwa koti la fundi. Ukimuuliza, atakwambia walichoka tu kumwona anawacheka.

Kwa jamaa wasioijua kazi yake: mapanga marefu ya mitambo ya umeme wa upepo hutikisika upepo ukibadilika ghafla, na yakizidi kutikisika hupasuka. Ndani yake sisi huweka shokomzoba, kazi ileile ya kwenye gari, ila imejazwa mafuta yenye vumbi laini la chuma. Umeme ukipita kwenye koili, sumaku huyashika mafuta, yanakuwa mazito papo hapo kama ugali, na panga linatulia. Ukikata umeme, yanarudi kuwa mepesi. Kasoro ni moja: mafuta yakiachwa yamekaa, chuma kinazama chini. Ndiyo maana kila siku saa moja asubuhi Mama Odette huviringisha mabido yake, yaani madumu ya mafuta, sakafuni, kisha hukoroga kwa mwiko wa mti alionunua duka la Waafrika kule Merrylands. Kijiko cha chuma hakitaki, sumaku ingeking'ang'ania. Wageni wakicheka, huwauliza kama kwao bugali husongwa kwa kijiko cha chai.

Hata yeye sumaku imewahi kumwonea. Siku moja ilinyakua funguo zake za nyumba jaribio la muda wa saa tatu likiwa ndiyo kwanza limeanza. Hakuizima. Aliketi kusubiri, akakosa treni mbili, huku akiitukana kwa Kiswahili, Kinande na Kifaransa.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Mimi Wainaina, ninayeandika haya, niliajiriwa mwaka 2019. Wiki ya sita, nikiwa bado kwenye miezi ya majaribio na viza yangu imefungwa kwenye kazi hiyo, Mama Odette alikwenda hospitali ya Liverpool, hapa hapa Sydney, kumpokea mjukuu wake wa kwanza, Divine. Aliniachia maagizo: viringisha, koroga, ndipo ujaze. Kesho yake wafadhili wa mradi walikuwa wanakuja kutazama. Nilifungua bido, nikaona mafuta safi yanang'aa, nikajisemea, mhandisi mzima nikoroge kama niko jikoni? Nikamimina. Chuma chote kilibaki chini ya bido.

Siku ya wageni, panga la mita tisa lilitikisika mpaka boliti zikalia na chai ikamwagika mezani. Mradi ukapewa wiki mbili za mwisho. Mama Odette aliporudi alichovya sumaku ndani ya shokomzoba, ikatoka safi. Akafungua bido, akaona tope. Akanitazama. Lo, mtazamo ule! Kisha kwenye daftari la majaribio, mahali pa kuandika nani aliyejaza mafuta, akaandika jina lake mwenyewe. Mimi akaniambia tu kwamba kesho nifike saa moja asubuhi.

Barua ya onyo ikawa yake, na nafasi ya fundi mkuu iliyokuwa mkononi kabisa ikampita kwa miaka mitatu. Mimi nikanyamaza. Kwanza niliogopa, baadaye nikaona aibu, na miaka ikapita. Yeye, zile wiki mbili hazijaisha, alijaza mafuta aliyoyakoroga mwenyewe, na wageni wakaona panga lilelile likitulia kwa sekunde mbili. Mradi ukapona, na ajira zetu pia. Leo mitambo kumi na minne inazunguka na shokomzoba zetu ndani, na hakuna panga hata moja lililopasuka. Tunajivuna kweli kweli, na fahari yenyewe ni yake.

Mama Odette, usinikasirikie. Jumatano nilipeleka lile daftari kwa mkurugenzi, nikalikata jina lako na kuandika langu. Barua ya onyo imetolewa kwenye faili lako. Utakabidhiwa leo mbele ya watu wote; uichane au uwashie jiko, shauri yako.

Asante kwa yote, na kwa kuniokoa mimi hasa. Tunakuombea afya, usingizi mpaka saa tatu, na subira kwa Divine anayekujibu kila kitu kwa Kiingereza: mkoroge taratibu, Kiswahili kipo chini. Mwiko umekubali tubaki nao. Jumatatu saa moja asubuhi, wa kwanza kuushika ni mimi.