Sekela Mwambungu Apima Upya Mnara Namba Tatu

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Sekela Mwambungu, fundi mkuu wa redio za mawasiliano, anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya misitu kwa miaka thelathini na minne, miezi minne na siku ishirini na sita. Hesabu hiyo ameifanya mwenyewe, kwa penseli. Wasifu huu ulitakiwa uwe wa ukurasa mmoja na wa kuchekesha. Mpaka mwishoni mwa Aprili ungekuwa hivyo.

Aliajiriwa Februari 1991 katika yadi yetu ya Mbeya, akitokea Rungwe na cheti cha ufundi wa redio. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kuchaji betri. Mwaka 1998 alihamishiwa Mafinga na kukabidhiwa mtandao mzima: redio za ofisi ya Iringa, yadi ya Mbeya na minara sita ya kuangalia moto msituni. Hajawahi kuomba uhamisho. Aliwahi kuomba ngazi mpya ya kupandia minara mara nne.

Wa Iringa wanamkumbuka kwa kisa cha Kihesa, mtaa ilipo ofisi yao. Ofisi ile ililalamika kwamba redio yao inazimika kila Jumamosi. Mama Sekela, akiwa Mafinga, aliwapigia na kuuliza kama kuna jirani anayefua siku hiyo. Walicheka. Walipotoka nje walikuta mashuka manne na suruali tatu zimeanikwa juu ya waya wa antena. Nguo mbichi hubadilisha impidansi ya antena, yaani kile kiwango cha ohm ambacho redio hutaka kukikuta ili nguvu yake itoke hewani badala ya kurudi ilikotoka. Kuanzia siku hiyo watu waliamini kwamba mama huyu haoni tu antena, anaziona hata zikiwa wilaya nyingine.

Imani hiyo ndiyo iliyomponza Sosthenes Kikoti.

Bwana Kikoti alikuwa mlinzi wa moto wa Mnara Namba Tatu. Alasiri ya tarehe 17 Oktoba 2019 moto ulizuka upande wake na kuteketeza hekta mia mbili na kumi na mbili za misonobari. Hakuna aliyekufa. Alisema aliona moshi saa tisa, akashuka kwenye kibanda cha redio chini ya mnara, akaita Mafinga mara nne bila kujibiwa. Daftari la chumba cha redio Mafinga halikuwa na hata mmoja kati ya miito hiyo. Mwito wake wa kawaida wa saa moja asubuhi ulikuwa umeandikwa vizuri. Wa mchana hakuna.

Kesho yake Mama Sekela alikwenda na kipimo chake kizito, akakifunga kwenye kebo ndani ya kibanda, akasoma uwiano wa nguvu inayotoka na inayorudi. Moja ni ukamilifu. Kadiri namba inavyopanda ndivyo nguvu nyingi zaidi inavyorudi. Alisoma moja nukta mbili. Akasaini cheti kwamba antena ni nzima. Kwa cheti hicho Bwana Kikoti alifukuzwa kazi kwa kosa la kulala lindoni. Desemba ya mwaka huo Mama Sekela alichaguliwa mfanyakazi bora, na kati ya sababu zilizotajwa ni kwamba vipimo vya Mnara Namba Tatu vilikuwa bora kuliko vya minara yote.

Machi mwaka huu kampuni ilinunua analaiza ya mkononi, kifaa kisichozidi ukubwa wa simu, kinachopima impidansi ya antena, kebo na transfoma bila kuhitaji redio kurusha. Mama Sekela alikiita kikokotoo cha mtoto wa darasa la nne. Hata hivyo alijifunza kukisawazisha, na Jumanne ya tarehe 29 Aprili alikwenda nacho Mnara Namba Tatu pamoja na Asukile, fundi anayerithi nafasi yake. Walipima chini, ndani ya kibanda, kama ilivyo desturi. Moja nukta moja. Safi kuliko mwaka 2019.

Asukile akasema, kwa kuwa kifaa kinaingia mfukoni, apande nacho. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kupima juu, kwa sababu kipimo cha zamani, betri na redio visingepandishika. Alipanda, akafungua kisanduku cha transfoma inayounganisha kebo na waya wa antena, akachomoa kebo na kupima transfoma yenyewe.

"Mama, hiki kidude kinanitania."

"Soma namba, Asukile, acha maneno."

"Kumi na saba."

"Moja nukta saba?"

"Kumi na saba, mama! Nimesoma mara tatu. Na transfoma imeungua upande mmoja, nyeusi kabisa."

 Asukile alipochungulia chini alimwona Mama Sekela amekaa kwenye ngazi ya kwanza, daftari lake la vipimo limefunguliwa magotini.

Daftari hilo tumeliona. Uwiano wa Mnara Namba Tatu, ukipimwa chini: mwaka 2011, mbili nukta moja. Mwaka 2014, moja nukta nane. Mwaka 2017, moja nukta tano. Mwaka 2019, moja nukta mbili. Kwa miaka minane antena ilikuwa inakuwa bora yenyewe, juani na mvuani, bila mtu kuigusa, na sote tuliipigia makofi.

"Hakuna antena inayopona yenyewe," Mama Sekela alimwambia Asukile aliposhuka. "Kata kebo."

Walikata kipande cha mita moja. Maji meusi yalidondoka. Waya wa ndani, uliopaswa kung'aa, ulikuwa na rangi ya masizi. Maelezo ni mafupi: kebo iliyolowa hula nguvu inayokwenda, na hula tena ile inayorudishwa na antena mbovu. Kipimo kilichokaa chini hakioni kitu kinachorudi, kwa hiyo kinatoa sifa. Kadiri kebo ilivyooza, ndivyo namba ilivyopendeza. Sauti ya Bwana Kikoti ilifika Mafinga asubuhi, hewa ikiwa nzuri, kwa makombo ya nguvu yaliyobaki. Mchana hayakutosha. Aliita mara nne, na kebo ikaimeza miito yote minne.

Siku hiyohiyo Mama Sekela aliandika ripoti ya kurasa mbili, akaambatisha kipande cha kebo na kuvipeleka kwa meneja.  Meneja alimsihi kwa heshima.

"Mama, umebakiza wiki tisa. Faili hilo lilifungwa, na nusu ya waliolifunga hawapo tena."

"Mimi nipo," alijibu. "Na saini ni yangu."

Kantini nako hakukukalika. Veneranda, anayeiongoza, alimwambia mbele ya watu: "Wenzio wakistaafu wanasubiri keki, wewe unatafuta kesi!" Mama Sekela alimwomba chai.

Jumamosi ya tarehe 3 Mei alipanda basi hadi Igawa, Asukile akamsindikiza. Bwana Kikoti sasa anashona maturubai ya malori kando ya barabara kuu. Wa kwanza kuwaona alikuwa mkewe, Evarista, na hakuwakaribisha.

"Miaka sita, mama! Miaka sita naitwa mke wa mlala lindo. Hata kanisani. Leo umekuja kupima nini?"

"Nimekuja kusema hakulala. Kipimo kilikosea, na mpimaji ni mimi."

Bwana Kikoti aliacha sindano ndani ya turubai. Aliuliza kitu kimoja: kama ni kweli alisikika mara sifuri. Mama Sekela alimwambia ni kweli. "Basi nilikuwa naongea na nani?" akasema, akacheka kicheko ambacho Asukile hataki kukielezea.

Ijumaa ya tarehe 13 Juni kamati ya nidhamu ilifuta adhabu ya mwaka 2019. Bwana Kikoti alialikwa kurudi kazini. Amekataa, ana wateja na ana vijana wawili anaowafundisha kushona. Alitaka jambo moja tu. Barua ya kumfukuza ilisomwa kwa sauti mbele ya wafanyakazi, getini Mafinga. Barua ya kumsafisha nayo isomwe hivyohivyo, na isisomwe na mtu asiyemjua.

Jarida letu la Novemba 2019 liliandika kwamba moto ule ulitokana na uzembe wa mlinzi. Habari hiyo haikuwa ya kweli. Tunaifuta, na tunamwomba radhi Bwana Kikoti na Bi. Evarista.

Minara yote sita imepimwa juu na chini. Miwili mingine ilikutwa na kebo zenye maji, nazo zimebadilishwa. Asukile amepewa agizo la maandishi kwamba namba inayopendeza bila sababu ihesabiwe kuwa hitilafu.

Wageni waalikwa wataona kwamba katika ratiba ya sherehe ya Ijumaa, tarehe 27 Juni, hakuna hotuba ya mstaafu. Mama Sekela ameomba dakika zake kumi zitumike kwa kazi nyingine. Saa tano asubuhi atasimama getini na kusoma barua ya kumsafisha Sosthenes Kikoti, jina kamili na namba ya ajira, na mwenye barua atakuwa amesimama mbele yake.

Mama Sekela, kampuni inakushukuru kwa miaka yote thelathini na minne, na kwa wiki hizi tisa. Nenda salama Rungwe, uishi vyema, na afya isikupungukie.