Sista Sikuzani na Leseni ya Miaka Sita

Baada ya miaka ishirini na miwili katika wodi ya wazazi ya hospitali yetu, Sista Sikuzani binti Feruzi anastaafu rasmi Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 1984. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa ufupi, na imenikumbusha kwamba karatasi haipatikani siku hizi. Nimejitahidi. Anayetaka habari zaidi amkamate mwenyewe wakati wa pilau, ila ajue kwamba atasikiliza mpaka jioni.

Sista alizaliwa mwaka 1929 ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika ukoo wa Kimanyema wenye ndugu huku na kule. Alisomea uuguzi na ukunga kwa Kifaransa katika chuo cha masista watawa karibu na Albertville, mji ambao sasa unaitwa Kalemie, akafanya kazi huko miaka kadhaa. Kongo ilipochafuka baada ya uhuru, alivuka ziwa pamoja na mumewe, Mzee Mabruki fundi seremala, na watoto wao watatu, Mwanne akiwa wa kwanza. Walipanda treni Kigoma wakashukia Tabora, kwa shangazi yake mtaa wa Chemchem. Babu yake alikuwa ameipita njia hiyohiyo kwa miguu enzi za misafara, pembe ya ndovu begani. Sista hupenda kusema kwamba babu aliulizwa amebeba nini, yeye aliulizwa amesoma wapi, na swali la babu lilikuwa jepesi zaidi.

Maana cheti chake kilikuwa cha Kifaransa na cha nchi nyingine. Ofisi ya usajili ilitaka uthibitisho kutoka chuoni, nacho chuo kilikuwa kimefungwa na masista wametawanyika. Kwa hiyo mwaka 1962 hospitali ilimwajiri kuwa mhudumu wa wodi: kupiga deki, kuchemsha vyombo, kubadilisha mashuka. Kuzalisha alikatazwa mpaka apate leseni. Hebu mfikirieni mpishi aliyepewa kazi ya kuosha sufuria, huku anasikia harufu ya wali wa wenzake ukiungua.

Mwaka uliofuata aliitwa mbele ya watahini kutoka Dar es Salaam. Wao waliuliza kwa Kiingereza, yeye akajibu kwa Kiswahili, katikati kuna mkalimani. Mambo yalikwenda vizuri hadi alipoulizwa mtoto mwenye afya huzaliwa na uzito gani. Alijibu bila wasiwasi: tatu na robo. Akaulizwa angemfanyia nini mtoto huyo. Akasema angemvisha, angempa mama yake, na kesho yake waende nyumbani. Kule alikosoma walipima kwa kilo. Hapa wakati ule tulipima kwa ratili, ambayo haifiki nusu kilo, na mtoto wa ratili tatu na robo ni njiti wa kufunikwa pamba na kuombewa dua. Watahini walitazamana. Hakuna aliyetaja kipimo, si wao wala yeye, na Sista akafeli. Matroni Benedikta, aliyekuwa mkuu wa wodi wakati huo, alinisimulia kwamba Sista alipoelezwa kosa lenyewe alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia.

Mwaka 1964 mambo yalikaribia kuharibika kabisa. Mama mmoja aitwaye Ng'washi, kutoka kijiji cha Choma, aliletwa na lori la pamba wakati wauguzi wa zamu wako chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio. Sista aliita, hakuja mtu. Akanawa mikono.

Mama na mtoto walitoka salama. Halafu Sista akaenda mwenyewe kwa Matroni kusema alichofanya. Matroni alimpenda, lakini alikuwa ameapa kufuata sheria, akaripoti. Jibu la ofisi ya usajili lilikuwa kali: maombi ya leseni yamefutwa, na akitaka kuwa mkunga katika nchi hii aanze mafunzo upya, mwaka wa kwanza, pamoja na wasichana waliotoka shule juzi.

Siku zilezile ndugu zake walimletea habari kutoka Bujumbura kwamba wakunga wanaojua Kifaransa wanatafutwa kama dawa, na cheti chake kingekubaliwa bila maswali. Mzee Mabruki alikwishafunga randa na misumeno yake. Sista aliendelea na deki yake siku mbili. Kisha akamwambia mumewe: “Baba Mwanne, nikienda huko nao wakageuza sheria, nitahamia wapi tena? Fungua mizigo. Nitakaa darasani na hao watoto.”

Mzee Mabruki akafungua mizigo.

Hao watoto ni sisi. Nilikuwa nimetoka Bukene, nina miaka kumi na minane, na siku ya kwanza nilimpa shikamoo nikidhani ndiye mwalimu. Aliitika marahaba, akaketi dawati la nyuma yangu. Kiingereza kilimtesa kuliko sisi sote, basi tukapatana. Kila Jumamosi tulikwenda nyumbani kwake Chemchem, sisi tukimfundisha Kiingereza, yeye akitufundisha kupapasa tumbo na kujua kichwa cha mtoto kimekaa wapi. Jirani yeyote mjamzito aliyekubali kujilaza mkekani alitumika kwa somo. Katikati alitulisha kisamvu, ambacho hadi leo anakiita sombe na hakubali kusahihishwa. Kiingereza chake kilitengemaa kidogo kidogo. Kisamvu chetu bado hakijafikia chake.

Alihitimu mwaka 1968, akiwa wa tatu katika darasa. Wa kwanza nilikuwa mimi, na ninalisema kwa sababu yeye hatalisema. Leseni ilipofika, Matroni Benedikta aliisoma kwa sauti mbele ya wodi nzima, wagonjwa wakiwamo. Mama aliyejifungua mchana ule mikononi mwa Sista alimwita mwanawe Leseni. Kijana huyo sasa yuko sekondari, na nasikia kila anapojiandikisha mahali wanamtaka aonyeshe.

Haukupita muda mrefu serikali ikaamua nchi nzima ihamie kwenye kilo na mita. Mizani mpya zilipoletwa tulichanganyikiwa wote isipokuwa mtu mmoja. Alituelekeza kwa subira, ila kila alipozaliwa mtoto wa tatu na robo alituita sote tuje tumwone.

Miaka ya vijiji vya ujamaa alikuwa akienda kwa treni hadi Bukene, na kutoka hapo kwa baiskeli, kuwafundisha wakunga wa vijijini kuchemsha wembe na kumtambua mapema mama wa kupelekwa hospitali. Walimpenda upesi, kwa kuwa hakuwauliza vyeti. Wodini alikuwa mtu mwingine kidogo. Shuka lililotandikwa ovyo lilimfanya azungumze Kifaransa, na hatukuhitaji mkalimani.

Mwaka 1973 alikuja kwetu Imakulata, muuguzi mkimbizi kutoka Burundi, hana karatasi hata moja. Wengi tulidhani atapewa ndoo na tambara. Sista alipanda treni hadi Dar es Salaam, akakaa kwenye benchi la ofisi ya usajili mpaka wakachoka kumwona. Aliomba Imakulata afanye kazi wodini miezi mitatu chini ya macho yake, atahiniwe kwa Kiswahili, na kila kipimo kitajwe kwa jina lake. Walikubali. Imakulata alipata leseni kabla ya mwaka kwisha, na wageni wengine wamepita mlango huohuo baada yake. Jumatatu Imakulata ndiye anayekabidhiwa wodi aliyoiongoza Sista, na sisi tunafurahi kwelikweli.

Wiki iliyopita nilimsindikiza Sista kwa katibu wa hospitali akamilishe mambo ya kustaafu. Alitia saini kila alipoonyeshwa. Halafu akatoa mkobani fomu nyingine, ya kuhuisha leseni yake kwa mwaka ujao. Katibu, kijana mwenye adabu, alimweleza taratibu kwamba mstaafu haihitaji.

“Najua, mwanangu,” Sista akasema. “Lakini niliipata kwa taabu. Siwezi kuiacha ife na mimi ningali hai. Piga muhuri.”

Katibu akapiga muhuri. Mimi nilitazama dirishani, maana machozi yalikuwa yananilenga.

Mama Mwanne, asante kwa kufungua mizigo ile. Tunakuombea afya, usingizi usiokatishwa na kengele ya zamu, na miaka mingi ya raha pamoja na Mzee Mabruki. Upumzike, kama utaachwa. Wanawake wa Chemchem wamekwisha kuniuliza kama utafungua mlango wakibisha. Nimewaambia leseni yako ni hai.

Eustadia Shilinde
Wodi ya Wazazi